Maisha ya Samuel Plimsoll, Mtetezi wa Mabaharia



Baada ya kuzisoma hesabu za mwaka, na majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, twawaomba mtulie kidogo msome habari za mtu mmoja wa nchi ya mbali. Mtu huyu hakuwa wa kabila zetu wala wa lugha yetu, na amekwisha kufa zaidi ya miaka mia moja. Lakini alama yake yaonekana kila siku katika bandari ya Kilindini. Kila meli kubwa ya shehena inayofunga gati pale ina duara ubavuni, katikati ya urefu wake, na duara hilo limekatwa na mstari uliolala. Kando yake ipo mistari mifupi yenye herufi. Makuli hupita mbele yake asubuhi na jioni, na wengi hudhani kuwa ni pambo, au ni alama ya kampuni. Kumbe ni mpaka. Meli ikipakiwa hata maji yakaufunika mstari unaoihusu, imezidishiwa mzigo, na haina ruhusa kung'oa nanga. Mtu aliyepigania mpaka huo uwekwe ni Samuel Plimsoll.

Kwetu husemwa kwamba ajali haina kinga. Neno hilo hufariji nyumba yenye msiba, wala hatulidharau. Lakini chama kama chetu, ambacho sanduku lake hufunguliwa kwa maziko, kwa wajane, na kwa waliokatika viungo kazini, kina haki ya kuuliza ajali zipi hazikuwa na kinga, na zipi zilikuwa nayo lakini zikanyimwa. Plimsoll alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuliuliza swali hilo mbele ya watu wasiopenda kuulizwa.

UTOTO NA UJANA WAKE

Samuel Plimsoll alizaliwa tarehe 10 Februari 1824 katika mji wa bandari wa Bristol, upande wa magharibi wa Uingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya ushuru, mwenye watoto wengi na mshahara mdogo. Jamaa hao walihamia kaskazini, kwanza Penrith, kisha Sheffield, mji uliojulikana kwa visu na kwa chuma cha pua. Samuel hakupata masomo marefu. Aliacha shule angali kijana, akawa karani, na baadaye akaajiriwa katika kiwanda cha pombe mjini Sheffield. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hesabu na asiyechoka, alipandishwa hata akawa msimamizi.

Yafaa kukumbuka kwamba hakuwa baharia. Hakuvuta kamba wala hakushika usukani. Mambo ya bahari aliyajua kwa kuuliza, kwa kusoma hati, na kwa kuwasikiliza waliofiwa. Twalitaja hili kwa sababu wako wasemao kwamba asiye fundi hana haki ya kusema juu ya hatari za kazi ya fundi.

KUFILISIKA NA KUINUKA TENA

Mwaka 1853 Plimsoll aliacha kazi ya mshahara, akaenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe. Mpango wake ulikuwa kuyaleta makaa ya Yorkshire kwa gari la moshi na kuyauza mjini. Biashara ile ikamshinda, mali yake yote ikapotea. Akawa mtu wa kulala katika nyumba za kupangisha vitanda walimolala vibarua na wachukuzi maskini, akiishi kwa fedha zisizotimia shilingi 8 kwa juma.

Katika nyumba zile aliona jambo ambalo hakulisahau. Aliona watu wasio na kitu wakigawana chakula na mwenzao aliyekosa kazi, na wakichangishana senti kwa ajili ya mjane wasiyemjua. Aliona pia kwamba watu wale wale, ambao heshima yao kwao kwa wao ilikuwa kubwa, hawakuhesabiwa kitu na waliowaajiri. Alipoinuka tena na kutajirika kwa makaa yale yale, baada ya kubuni njia bora ya kuyashusha kutoka katika mabehewa, hakuona aibu kuwataja jirani zake wa siku za dhiki.

Alimwoa Eliza Railton, mwanamke aliyekuwa mshauri wake na msaidizi wake katika kazi yote tutakayoieleza. Mwaka 1868 wapiga kura wa mji wa Derby walimchagua kuwa Mbunge. Derby ni mji wa bara, hauna bahari wala meli. Hata hivyo ni kutoka kiti hicho alikosimama kuwatetea mabaharia.

HALI YA MABAHARIA SIKU ZILE

Ili tuielewe kazi yake, hatuna budi kueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Uingereza ilikuwa na meli nyingi kuliko taifa jingine lolote, na biashara ya dunia ilipita mikononi mwake. Mwenye meli aliweza kuipakia kadiri apendavyo. Sheria haikumwekea kipimo.

Sasa, kila mtu wa pwani ajua kwamba chombo hakielei kwa ukubwa wake. Huelea juu ya wimbi kwa ile sehemu ya ubavu iliyobaki juu ya maji. Mawimbi yakija, sehemu hiyo ndiyo inayokipa chombo nguvu ya kuinuka tena. Ukiijaza meli hata sitaha ikakaribia maji, wimbi la kwanza hupanda juu, la pili hukuta maji ya la kwanza hayajatoka, na la tatu huimaliza. Katika bahari ya Atlantiki wakati wa baridi, mawimbi hayahesabiki.

Mwezi wa Januari 1866 meli iitwayo London, iliyokuwa ikisafiri kwenda Australia na mzigo mzito, ilizama katika Ghuba ya Biscay. Watu zaidi ya 200 walikufa maji, na waliookoka katika mashua moja walikuwa 19 tu. Msiba ule ulizungumzwa sana kwa kuwa ndani yake walikuwamo abiria wenye jina. Lakini meli za makaa, za nafaka na za mbao zilizama kila mwaka, na walioomboleza walikuwa wake wa mabaharia katika vichochoro vya bandari.

Kwa nini mwenye mali aiachie mali yake izame? Jibu lilikuwa katika bima. Meli kuukuu iliweza kukatiwa bima kwa fedha zipitazo thamani yake. Bima yenyewe iligawanywa kwa wadhamini wengi, kila mmoja akichukua sehemu ndogo. Meli ikizama, kila mdhamini aliona kwamba gharama ya kwenda mahakamani yazidi sehemu yake, basi akalipa na kunyamaza. Hivyo mwenye meli mbovu alipata faida ikifika, na pengine faida kubwa zaidi isipofika. Waliopoteza ni wale wasiokuwa na bima, yaani wanamaji. Watu wakaziita meli hizo majeneza yanayoelea.

Ulikuwapo ubaya mwingine. Baharia akisha kutia sahihi yake katika mkataba, kisha akaiona meli na kukataa kuingia kwa sababu ni mbovu au imelemewa, alihesabiwa kuwa mtoro. Alipelekwa mbele ya hakimu na kufungwa majuma kadhaa. Katika miaka ile mabaharia kwa mamia walifungwa kwa kosa hilo. Wako waliochagua gereza kwa furaha, na baadaye wakasikia wakiwa gerezani kwamba meli waliyoikataa imezama na wote waliokuwamo.

Si haki kusema kwamba wenye meli wote walikuwa waovu. Plimsoll mwenyewe alikiri kwamba wengi wao walikuwa waungwana. James Hall, mwenye meli wa mji wa Newcastle, ndiye aliyeanza kudai alama ya shehena kabla ya Plimsoll, na Plimsoll alijifunza mengi kwake. Lakini mwungwana aliyepakia kwa kiasi alipata nauli ndogo kuliko jirani yake aliyepakia kupita kiasi. Kwa hiyo kukosekana kwa sheria kuliwaadhibu wema na kuwatunza wabaya.

KITABU CHAKE NA MASHITAKA

Mwaka 1870 na mwaka uliofuata Plimsoll aliupeleka mswada wake Bungeni, akashindwa. Bungeni walikuwamo wenye meli wengi, na waliobaki hawakutaka kuingilia biashara. Ndipo akaona kwamba lazima awaendee watu wenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 alitoa kitabu juu ya mabaharia wa nchi yake. Kitabu hicho hakikuwa cha maneno matupu. Alitia humo picha za hati, orodha za wadhamini wa bima, na maelezo ya jinsi meli zinavyorefushwa bila kuimarishwa. Alieleza pia juu ya bolti za uongo: mafundi wasio waaminifu walitia kichwa tu cha bolti kwa nje ili mkaguzi akione, na ndani hamna chuma cha kuzishika mbao. Aliandika habari za wajane aliowatembelea nyumbani kwao. Kitabu kikaenea nchini kote. Kikasomwa makanisani, katika vyama vya wafanya kazi na katika mikutano ya hadhara, na ikaundwa kamati ya kumsaidia, mwenyekiti wake akiwa Lord Shaftesbury, ambaye alikuwa amekwisha kuwatetea watoto waliofanyishwa kazi viwandani na migodini.

Pamoja na sifa yalikuja mashitaka. Plimsoll alikuwa mtu wa hamaki, na mara nyingine aliwashutumu watu kabla ya kuukamilisha ushahidi. Wenye meli kadhaa walimpeleka mahakamani kwa kuwavunjia heshima, na mashitaka hayo yalimgharimu fedha nyingi na usingizi mwingi. Ilimlazimu hata kuomba radhi Bungeni kwa baadhi ya maneno yake. Hatulifichi jambo hili. Kila lililothibitishwa kwa hati halikuweza kupingwa, na kila alilolitupa kwa hasira liliwapa adui zake silaha.

Mwaka ule ule 1873 serikali iliunda Tume ya Malkia ichunguze habari za meli zisizofaa kusafiri. Tume ilikubali kwamba ubaya upo, lakini katika ripoti yake ya mwaka 1874 ilikataa shauri la kuwekwa alama ya shehena kwa sheria, ikisema kwamba meli ni za namna nyingi na kipimo kimoja hakiwezi kuzitosha zote. Mwaka huo huo Plimsoll alileta mswada wake tena. Ukashindwa kwa kura 173 dhidi ya 170. Kura tatu tu ndizo zilizopungua.

SIKU YA TAREHE 22 JULAI 1875

Mwaka 1875 serikali ya Benjamin Disraeli, Waziri Mkuu, ilikubali kuleta mswada wake yenyewe juu ya meli. Plimsoll aliuona kuwa dhaifu, lakini alikuwa radhi kuupokea kuliko kukosa vyote. Siku zikapita, kikao kikakaribia kwisha, na tarehe 22 Julai Disraeli akatangaza kwamba hakuna nafasi ya kuumaliza, kwa kuwa Bunge lina mswada wa mashamba wa kushughulikia. Maana yake ni kwamba majira mengine ya baridi yangepita, na meli zile zile zingetoka bandarini na mizigo ile ile.

Plimsoll hakuweza kujizuia. Alisimama katikati ya ukumbi, akatetemeka, akapaza sauti kwamba watu wanaopelekwa kufa wanauawa na tamaa, na kwamba baadhi ya wahalifu wenyewe wameketi humo humo Bungeni. Alimtaja mmoja kwa jina. Spika akamwamuru aondoe maneno yake, akakataa, akatoka nje. Mkewe Eliza alikuwako juu katika roshani ya wanawake, na nakala za tamko la mumewe zikawafikia waandishi wa magazeti.

Disraeli alitaka aadhibiwe mara moja. Baada ya ushauri wa viongozi wa upande wa pili, shauri likaahirishwa juma moja. Katika juma hilo nchi ikatikisika. Mikutano ilifanywa katika miji ya bandari na katika miji ya viwanda, na magazeti yakajaa barua. Watu ambao hawajapata kuona bahari walidai mabaharia walindwe. Plimsoll alirudi Bungeni, akaomba radhi kwa kuvunja kanuni za ukumbi, lakini hakuyakana mambo yenyewe. Serikali nayo ikasalimu amri. Mwezi wa Agosti ikapitishwa sheria ya muda, na mwaka 1876 ikafuata sheria ya kudumu.

Sheria hizo zilifanya mambo makubwa. Wakaguzi wa Wizara ya Biashara walipewa uwezo wa kuizuia meli isiyofaa isitoke bandarini. Robo ya wanamaji wakishtaki kwamba meli ni mbovu, malalamiko yao yalipasa kusikilizwa. Nafaka ilikatazwa kumwagwa ovyo ndani ya meli, maana nafaka isiyofungwa huteleza kama maji, na meli ikilala upande mmoja nafaka yote hukimbilia upande huo na kuipindua. Tena kila meli iliamriwa kuchorwa duara na mstari ubavuni.

ALAMA ILIYOCHORWA NA MWENYE MELI

Lakini ndani ya ushindi huo mlikuwa na tundu. Sheria ya mwaka 1876 iliamuru mstari uchorwe, bali haikusema uchorwe wapi. Mahali pake paliachwa kwa mwenye meli mwenyewe. Wahenga wetu walisema kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mambo yakawa hivyo hivyo. Wenye insafu waliuchora mahali pa haki. Wengine waliuchora juu sana, hata meli ingezama kabla maji hayajaufikia. Husimuliwa habari ya mmoja aliyeamuru uchorwe katika bomba la moshi.

Ilichukua miaka 14 kuliziba tundu hilo. Mabingwa wa uundaji meli walifanya hesabu, na Lloyd's Register, chama cha kukagua na kupanga daraja za meli, kikatoa majedwali mwaka 1882 yanayoonyesha kila namna ya meli ibakishe kiasi gani juu ya maji. Lile ambalo Tume ilidai haliwezekani likaonekana linawezekana. Hatimaye sheria ya mwaka 1890 ikaamuru mstari uwekwe kwa kufuata majedwali hayo, wala si kwa matakwa ya mwenye meli. Tangu hapo mpaka ukawa mpaka.

Mwaka 1906 sheria ikaenezwa kwa meli za kigeni zinazoingia katika bandari za Uingereza. Mwaka huo huo pia majedwali yalibadilishwa, na meli nyingi zikaruhusiwa kukaa chini zaidi kuliko kwanza, jambo lililolalamikiwa na watetezi wa mabaharia. Hapo twaona kwamba mpaka uliopatikana kwa jasho huweza kusogezwa kwa kalamu. Mwaka 1930 mataifa yalikutana London na kupatana juu ya mkataba mmoja wa mistari ya shehena kwa dunia nzima, na mwaka 1966 ukafanywa mkataba mpya ulio msingi wa alama tunazoziona leo.

Zile herufi zilizo kando ya duara ni za maneno ya Kiingereza. T ni kwa bahari za nchi za joto kama zetu, S ni kwa majira ya kiangazi, W ni kwa majira ya baridi, na F ni kwa maji matamu ya mito na maziwa, ambamo chombo huzama zaidi kuliko katika maji ya chumvi. Meli ndogo zina pia alama WNA, ya Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi, nayo ni ya chini kuliko zote, kwa kuwa bahari hiyo ndiyo kali kupita nyingine.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Mwaka 1880 watu wa Derby walimchagua Plimsoll tena kwa kura nyingi. Lakini Sir William Harcourt, aliyekuwa ameteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa amepoteza kiti chake. Plimsoll alimwachia cha kwake, akitumaini kwamba waziri ataweza kuwafanyia mabaharia mengi kuliko Mbunge wa kawaida. Matumaini hayo hayakutimia kama alivyotaka, naye hakurudi tena Bungeni. Mkewe Eliza alifariki mwaka 1882, na miaka michache baadaye akaoa tena.

Hakustarehe. Chama cha mabaharia na wachochea moto wa meli kilipoundwa, kilimfanya rais wake wa heshima. Mwaka 1890, ule ule ambao mstari wake ulipata nguvu kamili, alitoa kitabu kingine juu ya meli zilizochukua ng'ombe kutoka Marekani, ambamo wanyama waliteseka na watu walikuwa katika hatari. Alifariki tarehe 3 Juni 1898 katika mji wa Folkestone, ukingoni mwa bahari, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka 1929 chama cha mabaharia kilimjengea ukumbusho mjini London, kando ya mto Thames.

Jina lake lilibaki hata katika miguu ya watoto. Waingereza walianza kuviita viatu vya turubai vyenye soli ya raba kwa jina la Plimsoll, kwa kuwa ukingo wa raba huzunguka kiatu kama mstari uzungukavyo meli, na maji yakipita juu yake mguu hulowa.

MAFUNZO KWA CHAMA CHETU

Huenda mwanachama akasema: sisi wengine ni madereva, wajenzi, watu wa viwandani na wa mashamba, mambo ya meli yatuhusu nini? Twajibu hivi.

Kwanza, kila kazi ina mstari wake wa shehena. Lori lina uzito wake, jukwaa la mjenzi lina idadi yake ya watu, mashine ina kikinga chake, na mwili wa binadamu una saa zake za kuchoka. Mstari huo ukiachwa uchorwe na yule anayepata faida ukivukwa, utachorwa juu kila mara. Ni lazima awepo mtu mwingine wa kuupima. Ndiyo sababu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 imeamuru mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa pande zote mbili. Mwanachama anayefanya kazi mahali kama hapo na aulize: kamati yetu iko wapi, na ilikutana lini?

Pili, anayeikataa hatari si mvivu wala mtoro. Mabaharia wa zamani walifungwa kwa kusema kweli. Sheria yetu ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na yamkataza mwajiri kumrudisha mahali pale hatari ingali ipo. Haki hiyo wengine waliilipia kwa kifungo na kwa kufa maji. Mzee anayemwambia kijana avumilie tu, ili asipoteze kibarua, na aifikirie hesabu ya maziko kabla hajasema.

Tatu, hasira bila kumbukumbu huishia katika mashitaka. Ajali ikitokea, iandikwe siku, saa, mahali, chombo, na waliokuwapo. Hata ile iliyokaribia kutokea iandikwe, kwa maana hiyo ni onyo lililotolewa bure. Chama kikiwa na daftari kama hilo kitasikilizwa na mwajiri, na mkaguzi wa serikali, na mahakama.

Nne, mstari uliochorwa hauzuii maji kwa wino wake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka hapa hapa Mombasa, karibu na gati, kikiwa kimejaa watu kupita kiasi, na watu 272 wakapoteza maisha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa nayo imezidisha abiria, na mamia wakafa. Vyombo hivyo vilikuwa na kadiri zake zilizojulikana. Waliopanda walikuwa na haraka, waliowapandisha walitaka nauli, na hapana aliyesimama mlangoni akasema basi, wametosha. Nyumba nyingi za pwani na za ziwa zingali na pengo mezani tangu siku hizo, na vyama kama chetu vilichanga mpaka sanduku likabaki tupu.

Sanda tutaendelea kuinunua, kwa kuwa kufa kupo, na mjane wa mwenzetu hataachwa peke yake. Lakini kazi ya chama isianzie kaburini. Kamati yenu yapendekeza kwamba katika mwaka huu mpya kila tawi lichague mtu mmoja mwenye kujua kuandika na asiyeogopa kuuliza, awe mwangalizi wa usalama wa wanachama kazini, na taarifa zake zisomwe katika kila mkutano kabla ya taarifa ya fedha. Shauri hilo litaletwa mbele yenu katika mkutano mkuu. Twawaomba wazee walipime kwa busara yao, na vijana wajitokeze kuifanya kazi hiyo.